Barua ya wazi kwa marais wa vyuo vidogo vya Marekani: wekeni ratiba mezani kabla ya kuhama konferensi

Kwa: Marais wa vyuo wanachama wa Divisheni ya III ya NCAA, makamishna wa konferensi, na wakurugenzi wa michezo

YAH: VYUO KUHAMA KONFERENSI NA MZIGO UNAOWAANGUKIA WACHEZAJI WA KIKAPU

Waheshimiwa,

Salaam, na heshima zenu zitangulie.

Sisi ni wazazi na wafuatiliaji wa mpira wa kikapu wa vyuo vidogo, wasemaji wa Kiswahili tunaoishi Marekani. Wengi wetu tulitoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, na watoto wetu wanavaa jezi za vyuo vyenu. Tulianza kwa faragha: tuliandikia vyuo, tukaandikia na konferensi, tukiuliza maswali ya hesabu tupu. Majibu, pale yalipokuja, yalikuwa shukrani kwa kuwasiliana nanyi. Basi tunaandika hadharani, tena kwa lugha ambayo wazazi wenzetu wataisoma bila mkalimani.

Kwa ajili ya hao wenzetu, maelezo mafupi. Divisheni ya III ilizaliwa mwaka 1973 NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo Marekani, ilipojigawa mafungu matatu. Ndilo fungu lenye vyuo vingi kuliko mengine, zaidi ya 400, na halitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Mchezaji wa kikapu analipa ada kama mwenzake wa darasani ambaye hajawahi kugusa mpira. Ligi moja ya taifa haipo. Karibu kila chuo kinacheza ndani ya konferensi, yaani umoja wa vyuo wenye kamishna wake, ratiba yake na bingwa wake. Na wanaopiga kura nani aingie na nani atoke ni ninyi marais. Makocha huletewa habari.

Hatupingi kuhama. Mwaka 2022 Allegheny, chuo cha Meadville, Pennsylvania, kiliiacha konferensi ya NCAC, ambayo vyuo vyake vimetawanyika Ohio hadi Indiana, kikarudi konferensi ya PAC yenye majirani zake wa magharibi mwa Pennsylvania. Ukitazama ramani unaelewa. Tunachopinga ni uamuzi unaotangazwa kwa picha ya nembo mbili na maneno ya furaha, bila mtu yeyote kuonyesha mwanafunzi atakaa saa ngapi ndani ya basi na atakosa vipindi vingapi. Malalamiko yetu ni haya.

1. Ratiba huvunjika kwanza

Timu ya Divisheni ya III inaruhusiwa mechi 25 za msimu wa kawaida. Konferensi ya vyuo 10 inayocheza nyumbani na ugenini huchukua mechi 18, zinabaki 7 za kutafuta nje. Vyuo vikiwa 8, mechi za konferensi ni 14 na za kutafuta ni 11. Vikiwa 6, ni 10 na 15. Kwenye karatasi hiyo inaonekana kama nafasi ya kupanga utakavyo, lakini kalenda haikubali. Msimu huanza karibu wiki ya pili ya Novemba, mitihani inakula sehemu ya Desemba, na ikifika Januari kila konferensi imeshajifungia na mechi zake. Nafasi za kweli za kucheza na wageni kabla ya Krismasi ni nane au tisa; kocha mwenye marafiki wengi atapata kumi. Anayetakiwa kujaza 15 anabaki na tano hadi saba za kuombaomba Januari na Februari, wakati hakuna mwenye tarehe tupu.

Ndipo anapochukua anachokipata: chuo kidogo cha Biblia, au timu ya NAIA, ambacho ni chama kingine kabisa cha michezo ya vyuo. Tangu msimu wa 2024–25 timu za mashindano ya taifa huchaguliwa kwa kipimo kiitwacho NPI, na NPI huhesabu mechi baina ya timu za Divisheni ya III peke yake. Mtoto amesafiri, amecheza, amekosa darasa, na kwenye hesabu mechi hiyo haipo.

Halafu kuna namba witiri. Konferensi nyingi hupanga vyuo jirani kwa jozi. Jozi A na B inasafiri kwenda kwa jozi C na D: Ijumaa A anacheza kwa C na B kwa D, Jumamosi wanabadilishana. Safari moja, usiku mmoja hotelini, alasiri moja ya Ijumaa iliyokosekana, mechi mbili zimekwisha. Mpango huu unadai idadi iwe shufwa. Chuo kimoja kikiondoka kati ya 10, yule aliyekuwa pacha wake anabaki peke yake, na kila raundi kuna timu isiyo na mpinzani. Mechi iliyokuwa ya Jumamosi inasukumwa Jumanne au Jumatano usiku. Kwa hiyo mwanachama mmoja akitoka, wengine tisa wanaanza kusafiri katikati ya wiki. Hili ndilo jambo tunaloona marais wengi hawaambiwi wanapopiga kura, kwa sababu hujulikana tu pale kamishna msaidizi anapokaa na kuandika tarehe.

2. Dereva ana saa kumi

Timu za wanaume na za wanawake mara nyingi husafiri pamoja katika basi la viti 56. Hilo ni jambo la busara na tunalisifu. Lakini sheria ya shirikisho inamkataza dereva wa basi la abiria kuendesha zaidi ya saa 10 kabla ya kupumzika saa 8 mfululizo. Safari ya saa 5 kwenda na 5 kurudi imemaliza ruhusa yote. Theluji ya Januari, ajali barabarani, foleni ya kuingia mjini, na mmevuka. Ndiyo maana saa 5 kwa upande mmoja, takriban maili 300 au kilomita 480, ni mpaka halisi: ukiupita unahitaji dereva wa pili au hoteli.

Tuhesabu hoteli. Wachezaji 15 wa kiume na 15 wa kike, wawili chumbani, ni vyumba 15. Ongeza makocha sita, mtaalamu wa majeraha na dereva, unafika vyumba 20 hivi. Milo mitatu kwa watu 38 ni sahani 114. Hiyo ni safari moja. Konferensi mpya ikileta safari nne za namna hiyo ambazo zamani hazikuwapo, mkurugenzi wa michezo atazitoa wapi? Tunajua anapozitoa: kocha msaidizi anakuwa wa muda, timu ya akiba inafutwa, mchezaji anapewa hela kidogo ya chakula na kuelekezwa kituo cha mafuta.

Na chini ya saa 5 si salama kwa masomo. Chukulia Jumatano, ugenini, mwendo wa saa nne na nusu. Mechi ya wanawake inaanza saa 11:30 jioni, ya wanaume saa 1:30 usiku. Basi lazima liondoke saa 5:30 asubuhi ili wafike, wanyooshe miguu na kupasha misuli. Mechi ya pili inakwisha saa 3:15 usiku, wanaoga, wanapakia, basi linatoka saa 4. Wanafika bwenini saa 8:30 usiku, na kipindi cha kwanza ni saa 2 asubuhi. Mwanafunzi wa uuguzi au kemia ambaye maabara yake ni Jumatano alasiri amepoteza saa tatu ambazo hazirudiwi hadi wiki inayofuata, na wiki inayofuata maabara ni nyingine. Zidisha kwa safari tatu kama hiyo katika muhula mmoja, na mwalimu wa maabara hana tena cha kumsaidia.

3. Tiketi ya mashindano ya taifa

Mashindano ya wanaume ya Divisheni ya III yana timu 64. Zaidi ya 40 huingia kwa tiketi ya moja kwa moja, kama mabingwa wa konferensi zao. Takriban 20 zinazobaki huchaguliwa. Ili konferensi iwe na tiketi hiyo lazima iwe na wanachama sita (zamani walitakiwa saba). Ikishuka chini ya hapo hupewa miaka miwili ya kujirekebisha, kisha tiketi inaondoka. Kwa chuo cha wanafunzi elfu moja, tiketi hiyo ndiyo njia pekee ya kweli ya kufika mashindano hayo ya Machi.

Mnajua yaliyoikuta NECC ya New England, iliyoanzishwa 2007. Vyuo vya Newbury na Southern Vermont vilifungwa mwaka 2019, Becker kikafungwa 2021, waliobaki wakakimbilia konferensi za jirani, na mwaka 2023 konferensi yenyewe ikafa. SLIAC, ya Missouri na Illinois, ilipoteza MacMurray mwaka 2020 na Fontbonne mwaka 2025, vyote kwa kufungwa, na katikati ya hayo Iowa Wesleyan kilihamia NAIA. Nacho kilifungwa 2023. Konferensi ya namna hiyo huishi kwa wasiwasi, na wasiwasi wenyewe ndio unaowafanya wanachama watoroke. Kila anayetoroka anajiona mwerevu.

Jiografia nayo ina neno. NCAA huwapa Divisheni ya III asilimia 3.18 ya mapato yake, na ili fedha hizo zitoshe, raundi za mwanzo hupangwa kwa kanuni ya maili 500 (kilomita 800): chini ya hapo timu inapanda basi, juu ya hapo inapanda ndege, na ndege zinaepukwa kadiri iwezekanavyo. Vyuo vya Texas vinalijua hili kuliko wote. Mara nyingi hukutanishwa wenyewe kwa wenyewe mapema, hata wakiwa miongoni mwa bora nchini. Sasa tazama kinachotokea huko. UT Tyler kilikwenda Divisheni ya II mwaka 2019, Sul Ross State mwaka 2024, UT Dallas mwaka 2025. Mwaka huohuo wa 2025 Trinity cha San Antonio na Southwestern vikaingia konferensi ya SAA, ambayo vyuo vyake vingine viko Georgia, Tennessee, Arkansas, Mississippi na Kentucky. Kutoka San Antonio hadi Danville, Kentucky, kilipo Centre, ni zaidi ya maili 1,000. Huenda kuna hesabu nzuri nyuma ya uamuzi huo. Ichapisheni.

4. Taarifa hutolewa mkiwa mmeshafunga virago

Birmingham-Southern, chuo cha mwaka 1856 na bingwa wa NAIA wa kikapu mwaka 1990 na 1995, kilitangaza Machi 26, 2024 kwamba kingefungwa Mei 31. Miezi miwili. Wells, New York, kilitangaza Aprili 29, 2024 na kufunga muhula ulipoisha. Ratiba za konferensi za msimu uliofuata zilikuwa zimeshapangwa au zinakaribia. Mchezaji wa mwaka wa tatu alibaki na wiki chache za kutafuta chuo kitakachozikubali krediti zake, yaani masomo aliyokwisha kumaliza, na kocha mwenye nafasi. Cabrini, kilichofika fainali ya taifa mwaka 2012, kilitangaza Juni 2023 kwamba kingefungwa 2024. Mwaka mmoja, na tofauti inaonekana: wanafunzi walipata muda wa kuchagua, na wenzao wa konferensi ya Atlantic East wakapata muda wa kupanga.

Kuhama hakuui chuo, lakini kasoro ni ileile. Mkataba wa mechi za nje kwa kawaida ni wa miaka miwili, mwaka huu kwako na mwakani kwangu. Ukihama ghafla, tarehe za konferensi mpya zinagongana na mikataba hiyo, na anayebaki na deni la mechi ya nyumbani ni mpinzani asiye na kosa.

Cha kushangaza, mfano mzuri wa taarifa ulitoka kwenye kufukuzana. Mei 2019 konferensi ya MIAC ya Minnesota ilikiondoa chuo cha St. Thomas, mmoja wa waasisi wake wa 1920 na bingwa wa taifa wa kikapu mwaka 2011 na 2016, kwa madai kwamba kimekuwa na nguvu kupita kiasi. (Wengi wanakumbuka ile 97–0 ya mpira wa miguu wa Kimarekani dhidi ya St. Olaf, 2017.) Tuna maoni yetu kuhusu kumfukuza mtu kwa sababu anashinda. Hata hivyo walimpa miaka miwili. Ikiwa anayefukuzwa anapewa miaka miwili, anayehama kwa hiari hashindwi kuitoa.

5. Kupanda daraja

Tuseme kwa ufupi. St. Thomas kiliingia Divisheni ya I Julai 2021 na hakikuruhusiwa kucheza mashindano ya NCAA hadi msimu wa 2025–26. Aliyeanza mwaka wa kwanza 2021 na kumaliza 2025 alicheza miaka minne bila mlango huo kufunguliwa. Kuhamia Divisheni ya II nako kuna kipindi chake cha kusubiri. Mwanafunzi aliyesajiliwa kabla ya tangazo anastahili kuambiwa hili kwa maandishi, na kuachiwa aondoke bila vikwazo.

Tunajua mtakayotujibu.

Mtasema mazungumzo ya uanachama lazima yawe siri. Mazungumzo, sawa. Hesabu si siri; inaweza kutolewa makubaliano yakishaiva na kura haijapigwa.

Mtasema gharama zitapungua. Basi jedwali linalothibitisha hivyo ndilo tangazo bora kuliko picha ya nembo, na tunashangaa kwa nini halitolewi.

Mtasema mnataka kuwa na vyuo vinavyofanana nanyi kitaaluma, na mtatutajia konferensi ya UAA. Tunaiheshimu UAA. Ni vyuo vikuu vinane vyenye fedha, vilivyoungana mwaka 1986 na kupanda ndege kwa mpango, vinacheza mechi 14, nyingi zikiwa Ijumaa na Jumapili, na havina hata mashindano ya konferensi mwishoni. Anayeongoza msimamo ndiye bingwa. Idadi shufwa, ratiba isiyobadilika, fungu la ndege lipo. Ukichukua umbali wao bila hayo mengine, umechukua sehemu mbaya.

Mtatukumbusha pia kwamba chuo cha Christopher Newport kilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 2023 kikiwa ndani ya Coast to Coast, konferensi iliyotoka Virginia hadi Santa Cruz, California. Kweli, na tulishangilia. Timu bora itashinda popote mtakapoiweka. Sisi tunauliza kuhusu ile inayomaliza na ushindi 11.

Mtasema wanafunzi wanapungua. Hilo halina ubishi: uzazi Marekani ulianza kushuka baada ya 2007, na watoto hao ndio wanaofika umri wa chuo sasa. Ndiyo sababu vikosi vya michezo vimekuwa njia ya kujaza madarasa. Mkiwatumia wachezaji kujaza madarasa, waacheni basi wayahudhurie.

Na mtasema makocha walikubali. Kocha mwenye mkataba wa mwaka mmoja hana namna ya kukataa.

Tunaomba yafuatayo:

(a) Siku 30 kabla ya kura, chuo kichapishe jedwali la kila timu, konferensi ya sasa dhidi ya mpya: safari za katikati ya wiki, safari zinazozidi saa 5 upande mmoja, usiku wa hotelini, na saa za vipindi zitakazokosekana kwa kila siku ya wiki. Mkurugenzi wa michezo mwenye ratiba ya mwaka jana analitengeneza kwa siku moja.

(b) Taarifa ya miaka miwili kwa anayetoka, iandikwe kwenye katiba ya konferensi, na ada ya kujitoa iende moja kwa moja kwa vyuo vilivyobaki kugharamia mechi za kujaza pengo.

(c) Mechi yoyote ya Jumatatu hadi Alhamisi isizidi mwendo wa saa 3 kwa upande mmoja.

(d) Konferensi zenye idadi witiri ziunganishe kalenda na jirani yake. Konferensi mbili za vyuo saba kila moja, zikicheza nyumbani na ugenini, zina raundi 14, na katika kila raundi timu moja ya kila upande haina mpinzani. Zikutanisheni hizo mbili. Kila timu inapata mechi mbili za Januari na Februari, dhidi ya Divisheni ya III, zinazohesabika kwenye NPI. Hili halihitaji kura ya NCAA wala senti ya ziada. Linahitaji makamishna wawili kukaa meza moja mwezi Aprili.

(e) Chuo chenye dalili za kufungwa kiwe na mikataba iliyosainiwa ya kuwapokea wanafunzi wake kabla ya kutangaza, ikitaja krediti zitakazokubaliwa kwa kila programu.

(f) Kamati ya ushauri ya wanafunzi wanamichezo, ambayo kila chuo kinayo, isikilizwe rasmi juu ya jedwali la (a), na maoni yake yaambatanishwe na karatasi ya kura.

Tunaomba jibu la maandishi, kipengele kwa kipengele, kabla mazoezi hayajaanza Oktoba. Anayekataa kipengele fulani atueleze sababu yake kwa tarakimu.

Wenu,

Wazazi na wafuatiliaji wa kikapu cha Divisheni ya III, wasemaji wa Kiswahili, Marekani

Nakala: Baraza la Marais la Divisheni ya III, NCAA, Indianapolis, kamati za ushauri za wanafunzi wanamichezo za vyuo na konferensi